Kwa Nini Mgeni Husindikizwa

Kaeni, lakini msikae sana, maana habari yenyewe ni ya mtu aliyekaa mpaka nusura kiti kimzike.

Zamani hizo mgeni hakusindikizwa. Akishakula aliaga, akainuka mwenyewe, akatoka mwenyewe, na mwenyeji akabaki kitini akimtazama mgongo. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu. Kumwinukia mgeni anayeondoka kulikuwa sawa na kumfukuza.

Huko milimani, katika kijiji kilichokuwa juu ya kijito, aliishi mzee Kiondo. Ujana wake wote aliumalizia kwenye jembe. Yeye ndiye aliyechimba mfereji ulioleta maji mashambani, na alikuwa akipanda kutoka bondeni na mkungu wa ndizi begani bila kupumzika. Alipozeeka, wanawe wanne walikubaliana kwamba baba amechoka vya kutosha. Wakamnyang'anya jembe kwa mapenzi. Wakamchongea kiti cha mvule chenye mikono, na ikawa mwiko Kiondo kuinuka, hata kufuata kaa la moto la kuwashia kiko chake. Mzee hatumwi, walisema, na wala hajitumi.

Wake za wanawe nao hawakutaka kuachwa nyuma. Kila jioni kila mmoja alileta bakuli lake: huyu ndizi na nyama iliyonona, huyu ugali na maziwa ya mgando, huyu maharage yaliyoungwa kwa samli. Kiondo alikuwa mtu wa huruma. Alijua akila la mmoja na kuacha la mwenzake, yule wa pili atalala na kinyongo. Kwa hiyo aliyamaliza yote manne, akashukuru, akakaa. Wema wake ndio uliomponza, masikini.

Mboza alikuwa mke wa kitindamimba. Aliolewa katika boma lile akiwa yatima, na Kiondo ndiye aliyemwambia siku ya kwanza kwamba hapa si ukweni, hapa ni kwenu. Sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi mitatu, na desturi yao ilikuwa babu kumbeba mjukuu mpaka kijitoni, akamnawisha uso na kumpa jina. Wajukuu wote wakubwa Kiondo aliwapeleka mwenyewe. Lakini Mboza aliona jinsi mzee anavyohema akijigeuza tu kitini. Aliona miguu ilivyovimba hata makubadhi yakakataa kuingia. Mganga aliitwa, akaacha mizizi ya kuchemsha, na akiwa mlangoni akamnong'oneza mwana mkubwa kwamba mvua za masika mzee hataziona. Mboza alilia jikoni, akasingizia moshi.

Angemwambia nani? Mkwe hatazamwi usoni, sembuse kuambiwa habari za tumbo lake. Siku moja alijaribu kupunguza. Akaleta bakuli dogo la mchunga, ile mboga chungu, na kipande cha ugali. Mke wa mwana mkubwa akamwuliza mbele za watu kama mzee amegeuka mbuzi. Lakini Mboza aliona bakuli limerudi tupu, limefutwa kwa kidole.

Kiondo alikuwa na rafiki aliyeitwa Semboja, aliyekaa ng'ambo ya kijito. Walikuwa rika moja, walitahiriwa pamoja. Semboja hakuwa na mwana wa kumnyang'anya jembe, kwa hiyo aliendelea kulima na kutembea, mkavu kama kuni, na kila siku ya gulio, akienda sokoni, alipita kumsalimu mwenzake. Mboza alimngoja kijitoni na mtungi wake, akapiga magoti, akasema akiwa ametazama chini:

"Baba, mwenzako anakufa kwa kupendwa. Mimi siwezi kumwinua. Wewe je?"

Semboja akafikiri sana. Akauliza kama mzee bado anazungumzia ule mzinga. Mboza akasema, haipiti wiki. Walipokuwa vijana, wawili hao walitundika mzinga msituni, wakangoja msimu mzima, na siku ya kurina wakakuta asali imeshaliwa. Miaka arobaini Kiondo alikuwa hajamjua mwizi wala hajamsamehe.

Gulio lililofuata, Semboja alikula, akaaga, akafika mlangoni, akageuka. Akasema nusura asahau jambo: amemjua mtu aliyekula asali yao. Kisha akatoka.

Kiondo akamwita arudi. Semboja akajibu huku anakwenda kwamba jua linamwacha, anayetaka habari amfuate. Mzee akaangalia huku na huku, wanawe hawakuwapo. Akashika mikono ya kiti, akajiinua. Mboza, nyuma ya ukuta wa jiko, alihesabu hatua zake kama mama anavyohesabu za mtoto. Zilikuwa kumi na mbili, mpaka kwenye mgomba wa kwanza. Hapo aliambiwa tu kwamba mwizi hakuwa mtu wa mbali, na pumzi zikamwishia.

Wanawe waliposikia walikasirika, wakataka kumkataza Semboja asije tena. Kiondo akawaambia wamwache, ana neno lake halijaisha. Gulio la pili alifika mwisho wa migomba, akaambiwa mwizi ni mtu aliyewahi kula naye. La tatu, la nne, mpaka kwenye mkuyu wa njiapanda. Siku za katikati naye alitoka peke yake kwenda kutazama kama Semboja anakuja, ingawa alijua vizuri kwamba si siku yake. Usingizi ukamrudia. Makubadhi yakaingia. Jioni moja akawaita wake za wanawe, akawaambia anawapenda wote sawa, basi wapike kwa zamu, bakuli moja linamtosha, na ule mchunga wa Mboza usikosekane. Mke wa mwana mkubwa akacheka kwa aibu, akamwuliza Mboza unachumwa wapi.

Masika yakaja, yakapita, Kiondo akiwapo. Mboza akajifungua mtoto wa kike. Siku ya jina mzee alimpokea kwa mikono miwili, akateremka naye, Semboja ubavuni, Mboza nyuma yao moyo ukimdunda kwa kila jiwe lililoteleza. Kijitoni mtoto alinawishwa, akapewa jina la marehemu mama yake Mboza. Ndipo Kiondo akamgeukia mwenzake.

"Nimefika mpaka majini. Sasa sema."

"Ni mimi," Semboja akasema. "Nilikuwa na njaa."

Kiondo akaketi juu ya jiwe akicheka mpaka machozi yakamtoka, mtoto kifuani. Halafu akauliza kwa nini hakuambiwa akiwa kitini, miezi yote hiyo. Semboja alimtazama Mboza, na Mboza akatazama maji.

Mzee akaelewa.

"Inua uso, mwanangu," akasema. "Nilidhani namsindikiza rafiki yangu. Kumbe wewe ulikuwa unanirudisha nyumbani."

Akainuka pale jiweni bila kushikwa mkono, akapanda kilima na mjukuu wake.

Na tangu siku hiyo mgeni haondoki peke yake. Mwenyeji huinuka, humtoa mpaka kwenye migomba, mpaka njiapanda, mpaka kijitoni akiweza, na chakula kikashuka vizuri. Ndiyo maana pia mgeni hukaa mchana kutwa akisema kwake ni salama tu, kisha akishasimama mlangoni ndipo hukumbuka habari yenyewe. Akikumbuka hivyo, usimwambie akae tena. Vaa viatu vyako.