Taa Iliyofundishwa Kunyamaza

Mtu mmoja alikuwa na gari kubwa la kifahari, la zamani, lililowahi kubeba wakubwa wa kampuni kabla halijafika mikononi mwake. Aliitwa Ambakisye, mkazi wa Mbalizi, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Nawaambia haya mapema msije mkamdharau. Mikono yake haikuwa ya kubahatisha.

Gari la namna hiyo likizeeka lina maneno mengi. Leo inawaka taa ya breki, kesho ya mlango, keshokutwa kengele inalia na mkanda umeufunga. Ambakisye hakumpelekea mtu. Mafundi wa gereji aliwaita wezi wa mchana. Kila Jumamosi alitandika gunia, akaingia uvunguni mwa gari na spana zake, na jioni akatoka na grisi hadi masikioni, amefurahi. Mpira wa maji ulipopasuka aliufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na ukashika. Msicheke. Wewe unayecheka hapo nyuma, friji lako linafungwa kwa kamba ya kiatu, nimeliona mwenyewe.

Sasa, kulikuwa na taa moja nyekundu, ya joto la injini. Mshale wa joto ulikuwa umekufa zamani, akabaki na taa hiyo tu. Nayo haikuwaka bure: pampu ya maji ilikuwa inavuja. Ambakisye alilijua hilo. Alijua pia kwamba kuitoa pampu ni kazi ya siku mbili, na kwamba spea yake ni ya kuagiza. Akasema, nitaifanya Jumamosi. Jumamosi ikaja na msiba wa jirani. Iliyofuata ikaja na mvua. Na kila walipopanda gari, mkewe Tupokigwe aliuliza, "Baba Bupe, hiyo taa bado?" Hakuwa anagomba, mama wa watu. Alikuwa anauliza tu. Lakini swali moja likiulizwa kila siku kwa mtu anayelijua jibu lake, linachoma.

Basi Jumamosi moja Ambakisye alifungua, si pampu, bali dashibodi. Akautafuta waya wa ile taa, akaukata, akauunga na waya wa taa ya betri. Wauza magari wakorofi wanaujua mchezo huu. Ukiwasha swichi, taa zote mbili zinawaka. Injini ikishanguruma, zote mbili zinazima, kama taa za gari zima. Yeye hakuwa na gari la kuuza. Alitaka kusafiri kwa amani.

Jumapili wakaenda ibadani. Tupokigwe akaitazama taa ikiwaka na kuzima, akapiga makofi kidogo. "Eh, umeiweza! Pole na kazi, baba." Naye Ambakisye akaipokea ile pole. Laiti angeikataa pale pale! Waya ungeungwa upya kwa dakika kumi.

Mwanzoni aliongeza maji kila asubuhi, maana alijua. Baada ya mwezi akawa anaongeza mara mbili kwa wiki. Baadaye, kabla ya kufungua boneti, akawa anatazama kwanza kama taa imewaka. Mnaona? Methali ya mficha maradhi mnaijua, sitairudia. Lakini mficha maradhi huwaficha wengine, mwenyewe anajua panapomuuma. Huyu alifika mahali akaificha hata nafsi yake mwenyewe, tena kwa mikono yake hodari.

Alhamisi moja saa tano asubuhi simu ikaja kutoka Tukuyu, kwa shemeji yake. Mama mzazi wa Tupokigwe alikuwa mahututi, na tangu alfajiri alikuwa anamwita binti yake huyo. Aje leo, asingoje kesho. Tupokigwe akafunga khanga yake huku analia, akasema wakodi gari la jirani, ni jipya, litawafikisha. Ambakisye akaona ametukanwa. Gari liko mlangoni, akodi la watu? Wakaondoka na la kwao.

Walipoanza kupanda mlima baada ya Igawilo, Tupokigwe akasikia harufu, kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Akasema. Ambakisye akatazama dashibodi, ikawa nyeusi, imetulia. Akamjibu kwa upole kabisa, na kwa moyo safi, "Kungekuwa na shida, taa ingewaka." Hakuwa anamdanganya, ndugu zangu. Aliamini. Wakaenda kilomita nyingine nne, na injini ikakaza, gari likasimama kando ya shamba la viazi, mvuke ukipanda.

Na hapo ndipo taa ilipowaka, pamoja na mwenzake wa betri. Injini imekwisha kufa, taa inang'aa vizuri.

Tupokigwe akaitazama. "Sasa ndiyo inawaka?"

Ambakisye angeweza kulisingizia gari. Nampa heshima yake, hakulisingizia. Akamweleza mkewe habari yote ya waya, pale pale kwenye ukungu wa mlimani, mikono magotini. Mkewe hakupandisha sauti. Akasema, "Ulitaka kuniziba mdomo mimi, baba Bupe. Umeyaziba macho yako." Kisha akashuka, akasimama barabarani akipunga khanga.

Lori la mbolea liliwachukua baada ya kungoja kwa muda wa saa tatu. Walipofika Tukuyu jua lilikuwa linazama, na wanawake walikuwa wamekaa chini uani. Mama alikuwa ameaga saa kumi. Dada mtu akasema, hadi mwisho alikuwa anauliza, Tupokigwe amefika wapi, nao wakamjibu, yuko njiani, mama. Ambakisye akaketi kwenye benchi la wanaume, na hakuna aliyejua kwa nini analia kuliko wenye msiba.

Mtaniuliza kama Tupokigwe alimsamehe. Alimsamehe, na gari likatengenezwa na wezi wa mchana. Lakini mimi sikuja kuwahubiria habari za magari. Rudini nyumbani leo mkatazame. Yupo mtu pale kwako aliyekuwa akikuuliza neno moja kila siku, na siku hizi hakuulizi tena, nawe unaliita jambo hilo amani. Je, ulimponya, au ulimkata waya?