Taa ya Mzee wa Kanisa

Nina habari za mzee mmoja wa kanisa. Si wa kanisa hili, kwa hiyo msianze kugeuza shingo.

Mzee huyo alikuwa na miaka sabini na miwili, na sukari alikuwa nayo tangu alipostaafu. Usiku halali. Akipata usingizi kidogo, kiu inamwamsha. Akinywa maji, haja ndogo inamwamsha. Akirudi kitandani anakoroma mpaka anashtuka mwenyewe kwa kukosa pumzi. Mkewe alishahamia chumba cha wageni na blanketi lake. Choo kilikuwa nje, na kila alipokwenda aliwasha taa ya sebuleni. Saa sita taa, saa nane taa, saa kumi taa.

Sasa majirani wakiona taa ya mzee wa kanisa inawaka saa nane za usiku, watasema nini? Jumapili moja mama mmoja akasimama kutoa ushuhuda: "Bwana asifiwe! Sisi tunalala fofofo, kumbe mzee wetu anakesha akituombea!" Kanisa zima likapiga makofi. Mzee akafungua kinywa aseme kweli, lakini makofi yalikuwa matamu, akainamisha kichwa. Watu wakasema, tazameni unyenyekevu huo.

Wakamfanya kiongozi wa maombi. Mchana akisinzia kwenye kikao cha baraza, wajumbe walinong'onezana kwamba anatafakari. Naye akabaki na hofu moja tu, ya kujulikana.

Siku ya kliniki ya sukari alikaa benchi moja na mjane wa kanisa lake, fundi cherehani, mgonjwa mwenzake. Kliniki yenyewe ni chumba kimoja, ukiulizwa wewe wanasikia wote.

"Baba, usiku unalala?" daktari akauliza.

Mzee akamtupia jicho yule mjane. "Mungu huniamsha, daktari. Nina kazi yake."

"Anakuamsha mara ngapi?"

"Kama mara tano hivi."

"Na kila akikuamsha, unapitia chooni?"

Mzee akakohoa. "Mwili nao una mambo yake."

Daktari akamweleza kwamba sukari isiyotulia humnyima mtu usingizi, na kukosa usingizi nako huzidi kuipandisha sukari. Akamwambia arudi wiki ijayo na mkewe, wazungumze habari za huo usiku na kutazama dawa upya. Mzee akaitikia, lakini hakurudi. Mkewe alikuwa anajua mengi mno.

Miezi mitatu ikapita. Yule mjane akasinzia mbele ya jiko mchana kweupe, uji wa moto ukammwagikia mguuni, na kidonda kikagoma kupona. Wazee wa kanisa, mzee huyo akiwemo, wakaenda hospitali kumwona. Walipoingia, muuguzi alikuwa akimsema.

"Mama, miezi yote hii usiku unaamka mara nne, mara tano, mchana unasinzia, mbona hukutuambia? Tungekubadilishia dawa mapema."

"Ningesemaje, mwanangu?" mjane akajibu. "Mzee wetu alisema ni Mungu anayemwamsha. Nikajua na mimi nimekumbukwa. Nilikuwa nakaa kitandani, nangoja aniambie neno."

Kisha wenzake wakamgeukia mzee, kama kawaida yao, awaongoze kuomba. Akashika chuma cha kitanda. Akautazama ule mguu uliofungwa bandeji. Alijisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yake.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa naenda chooni."

Mnacheka. Yule mama hakucheka, maana mguu wake ulikuwa umeshapangiwa siku ya kukatwa.

Ndugu zangu, wapo wanaoamka usiku wakaomba kweli, na hao siwagusi. Nazungumza nasi wenye mvi, wenye sukari na presha, tuliozoea kuufunika ugonjwa kwa maneno ya kanisani. Mtu anatuuliza hali, tunajibu "namshukuru Mungu," na mazungumzo yameishia hapo. Hivi nani alitufundisha kwamba Mungu anaona haya akisikia tumekwenda chooni mara tano? Tunadhani tunaficha aibu yetu wenyewe, kumbe kuna mwenzetu benchini anatusikiliza, anaupima mwili wake kwa uongo wetu.

Na sisi tunaopenda kupiga makofi, tulipoiona ile taa inawaka kila usiku, nani kati yetu alikwenda kubisha hodi asubuhi amwulize mzee anaumwa nini?

Na wewe baba unayesinzia hapo nyuma tangu nilipoanza, sikulaumu, na sitasema unatafakari. Nakuuliza tu, usiku wa jana uliamka mara ngapi?