Dalali Aliyepiga Hodi kwa Bi Shufaa

Alitawala Sultani Mudhafari katika mji wa Tandaura, na mji ule ulikuwa na kila neema ila haya, na katika sheria zake palikuwa na moja iliyowaliza wengi: nyumba haiuzwi ila kwa mkono wa dalali, na mwenye nyumba akishampa dalali ufunguo mbele ya mlango wake, harudishiwi tena. Kwa hiyo watu wa Tandaura walichagua dalali kama wanavyochagua mkwe, yaani wengi wao walitazama nguo.

Basi katika mji huo aliishi mjane, Bi Shufaa, na nyumba yake ilikuwa na jini. Jini huyo, Barhamu, alifungwa ndani ya kizingiti cha juu na fundi aliyeijenga nyumba, na sharti la kifungo chake ni kumtumikia yeyote mwenye kuushika ufunguo. Zamani alihamisha milima. Kwa Bi Shufaa alichekecha unga, na akawabembeleza watoto watatu, na kila Idi akawasimamisha kwenye mwimo wa mlango akawapima kimo, akatia chale kwa kisu cha jikoni. Chale za wawili zilipanda hadi zikampita mama yao. Za Haruni ziliishia usawa wa kiuno, kwa kuwa ndui haikungoja Idi nyingine.

Sasa magoti ya Bi Shufaa yalikataa ngazi, na binti yake aliyeolewa mji wa mlimani alimtaka akakae kwake. Ikawa hapana budi kuuza. Na hofu yake haikuwa bei. Hofu yake ilikuwa mkono utakaoushika ufunguo, maana ndio utakaomshika na Barhamu.

"Bibi, nikiangukia kwa mtu mbaya?" aliuliza Barhamu huku akipepeta mchele.

"Umeishi kabla ya Firauni, bado unaogopa watu?"

"Ndiyo maana ninawaogopa."

Akaja kwanza Dalali Ghalibu, kilemba cha hariri, na harufu ya udi ikamtangulia kama mjumbe. Hodi hakupiga, aliingia na maneno yake.

"Ewe bibi mtukufu, kito cha wajane wa Tandaura, hili ni kasri lililovikwa matambara, nami ndiye wa kulivua. Nikabidhi ufunguo, nami nitakuletea bei ambayo mawaziri wataionea wivu."

Akaizungusha pete yake ya akiki, na papo hapo nyufa zikajifumba, na boriti zilizoliwa na mchwa zikang'aa kama zilizokatwa jana, na kuta zikawa nyeupe kama maziwa. Na Bi Shufaa, ambaye ulimi wake umewahi kuliza wanaume wenye ndevu, alisimama kinywa wazi kama mwali aliyeletewa posa. Mkono ukafungua pindo la leso, ukatoa ufunguo, ukanyooka.

Ndipo jicho lake lilipotua kwenye mwimo. Ulikuwa laini, hauna hata mkwaruzo.

"Chale zimekwenda wapi?"

"Kasoro zile? Pete hufuta kila kasoro, bibi. Mnunuzi hatajua kitu mpaka awe amekwisha kulipa."

Kule juu Barhamu alijikunja hata kizingiti kikalia. Bi Shufaa akasema polepole, "Zirudishe."

Ghalibu akazungusha pete, na nyufa zikarudi, na mchwa wakarudi, na Haruni akarudi usawa wa kiuno. Ufunguo ukaingia kwenye pindo, na fundo likakazwa kwa meno.

"Bwana Ghalibu, mlango haukukusumbua kuingia, basi usikusumbue kutoka."

Baada yake akaja Mwana Mize, mwanamke wa maneno machache, na dalali asiye na maneno watu humwona kama kinyozi asiye na wembe. Alipiga hodi, akangoja. Bi Shufaa akamnyamazia kusudi. Akapiga ya pili, akangoja. Akapiga ya tatu, akageuka kwenda zake, kwa kuwa hodi ni tatu na nyumba ni ya mwenyewe.

"Rudi," akamwita Bi Shufaa. "Nilitaka kuona kama una masikio."

Mwana Mize akagonga kuta, akanusa kisima, akapanda darini, akashuka na habari kwamba paa linavuja juu ya jiko na boriti mbili zinangoja mtu wa kumwangukia. Hakuna alichosifu. Alipofika kwenye mwimo, akapitisha kidole juu ya chale, na kidole kikasimama pale pa Haruni.

"Huyu alihama, au?"

"Alizikwa."

"Mungu amrehemu. Basi hii nyumba si ya mtu wa kuja kung'oa mlango."

Bi Shufaa akafungua fundo, akampa ufunguo. Barhamu akashuka kwa hofu, akainama, akauliza amri. Mwana Mize akamwamuru asifiche kitu wala asipambe kitu, na jini akakiri baadaye kwamba kazi ngumu kama ile hakupewa hata na wafalme.

Wanunuzi wakaja wakaambiwa yote, paa, boriti na jini, nao wakakimbia mmoja mmoja, hata Bi Shufaa akauliza kama ufunguo aliutoa nyumba iuzwe au watu wafukuzwe. Mwana Mize akamjibu, "Mama, wanaokimbia leo wangekulaani kesho. Ngoja asiyekimbia."

Wakaja Faraji, mfua shaba, na mchumba wake Salha, ambaye babaye alikataa kuozesha binti kwa mtu asiye na paa. Faraji alitazama boriti, akasema atazibadilisha mwenyewe. Salha alitazama mwimo, akaelezwa, naye akauliza chale zilitiwa kwa wembe au kwa kisu.

"Kisu cha jikoni," Barhamu akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi kisu kibaki hapa. Tutakihitaji."

Wakanunua kwa bei ya haki, na harusi ikafanywa mle mle, na sifa za Mwana Mize zikafika ikulu. Siku hizo hizo waliouziwa na Ghalibu walikuwa wamejazana barazani kwa Sultani, kwa kuwa pete ilipoondoka nyufa ziliwacheka. Sultani akaitwaa pete, akamwamuru Ghalibu apitishe masika yote katika nyumba mbovu kuliko zote alizouza, na Mwana Mize akavikwa joho na kufanywa mkuu wa madalali, akatajirika bila kujua kusifu.

Siku ya safari ya Bi Shufaa, Barhamu alikuwa akilia, machozi yakilowesha ungo.

"Acha, utaharibu unga wa watu," alisema Bi Shufaa. Lakini alipofika mlangoni akavua viatu, akauegemeza mgongo wake kwenye mwimo. "Haya. Nipime."

"Simama wima, bibi."

"Huu ndio wima wangu."

Salha akaleta kisu, jini akatia chale, na kwa jinsi mgongo ulivyopinda, mama akawa amesogea chini, karibu kidogo na mwanawe. Bi Shufaa akaigusa, akavaa viatu, akaenda zake.

Nawe ukitaka kuuza au kununua, usitazame kilemba cha dalali. Kaa ndani, umngoje uone kama anazisikia hodi zake mwenyewe. Mimi nimefika kizingitini, na mwenye kuvuka na avuke.