Kiboko Aliyesomea Urubani

Ngano!

— Njoo!

Ikija na ukweli?

— Tutautema!

Ikija na uongo?

— Tutaumeza!

Hiza, sauti yako sijaisikia. Ikija na uongo?

— Tutaumeza, Shangazi!

Haya. Wakubwa husema ngano haisimuliwi mchana, atakayeisikiliza ataota mkia. Lakini mvua ndiyo hiyo, kunde ndizo hizo kwenye ungo, na mimi siwezi kumenya kunde huku nimefunga mdomo. Kila mtu avute fungu lake amenye. Anayeogopa mkia aende akakae na mbuzi.

Hapo kale palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa palikuwa na Kiboko. Kiboko mnene, Kiboko mzito, Kiboko mchoyo. Ukimuuliza bwawa la nani, alisema langu. Majani ya nani? Yangu. Tope? Langu pia, na usilikanyage.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Kiboko alikula majani ya huku, mwata-mwata-mwata, yakaisha. Akala majani ya kule, mwata-mwata-mwata, yakaisha. Akala matete yote ya ukingoni, kikabaki kichaka kimoja tu katikati ya maji. Na kwenye kichaka hicho kulikuwa kumening'inia kiota cha Mnana.

Mnana mnamjua. Ni ndege mdogo wa manjano, fundi wa kusuka kiota, na maneno yake mengi kuliko ya mwenye kioski. Ndani ya kiota mlikuwa na mayai matatu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko," alisema Mnana.

"Marahaba. Kesho nakula hayo matete."

"Mzee wangu, humu mna mayai yangu. Yanaanguliwa leo au kesho. Nipe siku ishirini tu, wanangu waote manyoya waweze kupaa."

"Hama."

"Mayai hayahami, mzee."

"Basi yatazama," alisema Kiboko, akapiga miayo, aaaah, akalala.

Mnana alilia mpaka shingo ikamuuma. Hao walikuwa wanawe wa kwanza, na hakuwa na wengine. Kisha akaacha kulia akaanza kufikiri. Alikuwa amegundua jambo moja: kila alipopita juu ya bwawa, Kiboko aliinua macho akaguna, fyuuu. Maji alikuwa nayo, nchi kavu alikuwa nayo. Kilichomkera ni ile hewa ya juu, ambayo kila mtu alipita bila kumwomba ruhusa.

Asubuhi Kiboko akaja kwenye kichaka na mdomo wazi. Mnana akatikisa kichwa.

"Pole sana, mzee."

"Pole ya nini?"

"Mtu mwenye pangaboi kama lako, kujijaza matete! Lakini kula tu. Mimi nani hata nikukataze?"

Kiboko akafunga mdomo. "Pangaboi gani?"

"Hilo la nyuma."

Kiboko akageuka autazame mkia wake. Akageuka tena. Na mkia nao ukageuka. Alizunguka hivyo mpaka akaona kizunguzungu.

"Usiuangalie, uzungushe," alisema Mnana.

Kiboko akauzungusha. Pepepepepe! Maji yakaruka huku na huku.

"Umeona? Mkia wa Tai hauzunguki. Wa Korongo hauzunguki. Wa kwangu ndio kabisa. Wako unazunguka, nawe umekaa kwenye tope! Kipaji kinavyopotea jamani, inauma."

Macho ya Kiboko yakang'aa. "Nifundishe kupaa."

"Haiwezekani, mzee. Ni ghali."

Hapo ndipo Mnana alipompata. Maana Kiboko hakupenda kitu chochote ambacho hata jirani yake Ngiri angeweza kukifanya. Neno ghali lilimwingia masikioni likamshukia tumboni likamkalia vizuri.

"Ghali kiasi gani?"

"Ghali sana."

"Kabisa?"

"Ghali mno! Ada ya kujiunga peke yake ni kichaka hiki. Hii ndiyo ofisi ya chuo. Usikile, usikinuse, wala usikipitie karibu mpaka umalize masomo."

"Nimelipa!" alisema Kiboko. "Nianze leo."

Basi Kiboko akaanza masomo. Uwanja ulikuwa mbali na bwawa, karibu na kichuguu, kwa sababu Mnana alisema upepo wa huko ndio mzuri. Kila asubuhi Kiboko alipanda huko akihema. Mnana alikaa juu ya kichuguu akaimba, na nyinyi mtaitikia pepe. Mkunde, acha kula kunde mbichi, itikia.

*Mkia zungusha!* — Pepe!
*Masikio tandaza!* — Pepe!
*Tumbo lipishe njia!* — Pepe!
*Kapteni anakuja!* — PUU!

Hapo kwenye puu ni Kiboko ameanguka. Alikimbia gudu-gudu-gudu, mkia pepepepe, masikio fya-fya-fya, halafu puu! Vumbi likatua, naye akauliza:

"Mwalimu, leo nimepaa?"

"Leo bado, Kapteni. Leo umejifunza kuanguka. Wengine huchukua mwaka."

Kapteni! Aliposikia hivyo aliona raha, akasahau magoti.

Jioni Mnana akarudi kiotani. Ko, ko, ko. Mayai yalikuwa yamepasuka. Ndani mlikuwa na watoto watatu, uchi kabisa, midomo juu.

Siku nyingine Kiboko akauliza, "Mwalimu, leo napaa?"

"Leo bado, Kapteni. Rubani gani hana miwani?" Mnana akamsukia miwani ya ukindu, akamwambia bei yake ni yale majani laini ya kwenye chemchemi, asiyaguse tena. Kiboko akalipa. Miwani haikuwa na kioo, lakini alisema sasa anaona mbali zaidi.

Siku nyingine, "Mwalimu, leo napaa?"

"Leo bado, Kapteni. Leo ni somo la kutua, na kutua ni ghali kuliko kupaa. Kupaa unaweza kuacha. Kutua huwezi kuacha." Kiboko akalipa nusu ya chakula chake cha jioni.

Na kila jioni Mnana alirudi kiotani. Watoto wakaota nywele. Nywele zikawa manyoya. Yule mdogo, aliyeanguliwa mwisho, alikuwa bado na upara kisogoni, na Mnana alimlisha kwanza.

Kiboko naye akawa hashikiki. Alikutana na Ngiri njiani akamwambia, "Nasomea urubani. Ghali sana. Wewe huuwezi."

"Hongera. Umeshapaa?"

"Mambo ya anga hayana haraka."

"Mimi kila siku nakuona unakimbia na kuanguka," alisema Ngiri. "Hata mimi naliweza hilo, tena bure."

Akainua mkia akaenda zake. Kiboko akabaki pale. Akafikiri, na kwa kuwa hakuzoea, ilimchukua mchana mzima. Chemchemi nimetoa. Nusu ya chakula nimetoa. Ofisi nimetoa. Nimepata nini? Bure! Kitu ambacho Ngiri anakiweza bure!

Akashuka bwawani, chubwi, chubwi, chubwi. Akafika kwenye kichaka. Akafungua mdomo wake wote, aaaah, na kiota kikawa ndani ya kivuli cha mdomo huo. Watoto wa Mnana, kwa kuona mdomo umefunguliwa, nao wakafungua yao, wakadhani wanaletewa chakula.

Mnana akatua juu ya kiota. Siku mbili tu zilikuwa zimebaki. Alitaka kupiga kelele, akajizuia. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa:

"Kapteni, unakula ofisi kabla ya mahafali?"

Mdomo ukabaki wazi. "Ahaaali?"

"Mahafali! Nimekwisha alika bonde zima! Ni kesho kutwa, na joho lako liko kwa fundi!"

Kiboko akafunga mdomo polepole. "Joho?"

"La majani ya yungiyungi."

"Na hotuba?"

"Utatoa wewe."

"Ndefu?"

"Upendavyo, Kapteni."

Kiboko akarudi nyuma, chubwi, chubwi, chubwi. Siku ile na siku ya pili hakula wala hakusumbua mtu. Alikuwa anaandaa hotuba.

Kesho kutwa ikafika. Bonde zima likajaa ukingoni, maana kwenye mahafali hakosekani mtu. Kiboko akavaa joho, akavaa miwani, akatoa hotuba. Alijishukuru yeye mwenyewe kwa kujiamini. Alijishukuru kwa kujilipia. Jua lilitoka upande huu likaenda upande ule. Watoto wa Swala wakalala.

Mwishowe Ngiri akachoka. "Apae tumwone!"

"Apae!" wakaitikia wote. "Apae! Apae!"

Kiboko akamtazama Mnana. Mnana akatazama kiota. Watoto wake walikuwa na mabawa, lakini hawakuwahi kuyajaribu. Hakuwa na somo jingine la kubuni. Maneno yalimwishia, yeye mwenye maneno mengi, akabaki kuimba ule wimbo. Haya, mara ya mwisho!

*Mkia zungusha!* — Pepe!
*Masikio tandaza!* — Pepe!
*Tumbo lipishe njia!* — Pepe!

Gudu-gudu-gudu-gudu! Kiboko alianzia kule uwanjani, akapita kichuguu, akapita wageni, akafika mwisho wa ukingo, na ukingo ukaisha yeye bado anakimbia. Naapa kwa kunde hizi, kwa muda wa kupepesa jicho, miguu yote minne ilikuwa hewani.

Kisha, CHUBWIIIII!

Maji yakainuka kama ukuta wa nyumba. Yakakipiga kichaka. Matete yakalala, kiota kikapinduka, watoto watatu wakamwagika nje.

Mnana akasahau chuo. Akasahau mahafali na uongo wake wote. "Mabawa!" akapiga kelele. "Fungueni mabawa, wanangu!"

Wa kwanza akafungua. Prrr! Wa pili akafungua. Prrr! Yule mdogo wa upara akaanguka, akaanguka, akaanguka, miguu yake ikagusa maji. Halafu, prrr!

Jamani, zilipigwa kelele pale! Swala alirukaruka. Ngiri alilia machozi, akasema ni vumbi.

Kiboko akaibuka, miwani shingoni, jani la yungiyungi juu ya sikio. Akasikia vigelegele.

"Nimepaa?"

"Umepaa, Kapteni," alisema Mnana. "Bonde zima limeona." Na hilo, mkiangalia vizuri, halikuwa uongo.

Kiboko akainua macho. "Na wale watatu? Wamesomea wapi?"

Wageni wakamgeukia Mnana.

"Wale ni wanafunzi wako. Mimi nimekufundisha siku ishirini. Wewe umewafundisha kwa kishindo kimoja."

Kiboko akavimba kwa furaha mpaka maji yakapanda. Halafu akakumbuka yeye ni nani.

"Basi walipe ada!"

"Kawadai, Kapteni. Wale pale wanakwenda."

Wale watatu walikuwa wameshafika juu ya mlima, wadogo kama punje. Mnana akamwinamia Kiboko, akamwambia asante, na aliisema kwa moyo wake wote. Kisha akawafuata wanawe.

Kiboko akala ofisi, mwata-mwata-mwata. Kiota kilikuwa kitupu. Na mpaka leo, ukimwona Kiboko akiibuka majini, atatikisa masikio fya-fya-fya, atazungusha mkia pepepepe, atatazama juu na kuguna, fyuuu. Anawangoja wanafunzi wake walete ada.

Sasa funzo. Funzo ni kwamba uongo haumfikishi mtu mbali. Wale watoto walifika ng'ambo ya mlima, lakini wale ni ndege, hawahesabiwi. Funzo la pili, lipieni masomo yenu hata kama mwalimu hajui anachofundisha, mradi mahafali yatakuwepo.

— Lakini Shangazi, Mnana alidanganya kila siku, na akashinda.

Mkunde, menya kunde.

Ngano yangu nimeimenya. Iliyokuwa tamu mmekula, maganda mtafagia. Haya, mvua imekatika, simameni mjipapase nyuma, tuone nani ameota mkia.

Hiza, mbona husimami?