Miaka Miwili ya Kutazama

Wapendwa, wekeni Biblia mapajani kidogo, niwaeleze habari ya mkufunzi mmoja wa chuo cha ualimu. Msiwe na haraka. Wali wa mchana hautaungua, nimeshaongea na akina mama.

Mkufunzi huyu alifundisha kemia. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa vijana waende kufundisha sayansi kwenye sekondari za mbali, zile ambazo mtu akipangiwa huko, ndugu zake wanampa pole. Alikuwa mtu wa utaratibu. Maabara ya chuo aliitunza mwenyewe: vyombo vya kioo vimepangwa kabatini, kabati limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake. Siku ya jaribio alivitoa, akasimama mbele na kufanya kila kitu kwa mkono wake, huku wanachuo wakitazama na kuandika. Hakuna aliyegusa. Vyombo vilikuwa vichache, wanachuo wengi, na kimoja kikivunjika hakukuwa na cha kuziba pengo.

Naona mnatabasamu. Nani humu ndani hana kabati la sahani za wageni? Watoto wako wanayajua maua yote ya sahani hizo, na hawajawahi kuzilia chakula hata siku moja. Kwa hiyo tusimcheke. Mzee wa watu alitunza kwa nia njema kabisa.

Basi, mmoja wa wanachuo wake, binti mwenye bidii, alihitimu akapangiwa sekondari ya kata milimani, mahali ambapo gari hufika mara mbili kwa wiki kama mvua haijanyesha. Alikuta hakuna mwalimu mwingine wa sayansi. Kemia ni yeye, fizikia ni yeye, baiolojia ni yeye, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Alifanya kazi bila kulalamika, na wanafunzi walimpenda. Baada ya mwaka mmoja, mkufunzi alifunga safari kwenda kuwaona walimu aliowaandaa, akaanza na huyu. Akapokelewa vizuri, akapewa kiti nyuma ya darasa la kidato cha nne.

Na nawaambia, binti alifundisha. Alichora bureti ubaoni, lile bomba refu jembamba la kioo lenye koki chini, ambalo mwanafunzi hudondosha nalo tindikali tone kwa tone mpaka maji ya kwenye chupa yabadilike rangi. Alichora kwa rula, akaandika namba zote mahali pake. Mkufunzi kule nyuma alikuwa ameshaanza kumwandikia alama nzuri.

Ndipo msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono, akauliza vile vya kwenye boksi wataanza kuvishika lini. Maana bureti za kweli zilikuwa zimeletwa shuleni hapo ndani ya boksi tangu mwezi wa tatu, na mtihani wa taifa wa vitendo ulikuwa umebakiza wiki tatu. Kila mtahiniwa angewekewa bureti mbele yake, na ambaye angeshindwa kuitumia, ndoto yake ya uuguzi au ufundi ingeishia hapo mezani. Mwalimu akajibu kwamba watavishika wakati ukifika, akafuta ubao.

Mkufunzi hakupendezwa. Walipobaki wawili alimuuliza kwa nini anawanyima watoto vyombo ambavyo shule inavyo. Binti alizungukazunguka kwanza: maji ya shida, meza zinacheza, wanafunzi wengi. Halafu akaacha kujitetea.

"Mkufunzi, nikiishika mbele yao watajua kwamba sijui."

"Hujui vipi, binti yangu? Miaka miwili ulikuwa maabara kwangu."

"Nilikuwapo. Nilikutazama miaka miwili."

Hakusema kwa jeuri. Alisema ameinamisha kichwa. Lakini mzee aliwakumbuka wengine, mwaka baada ya mwaka, wote aliowapeleka shule za namna hiyo. Mwalimu wa mjini akikwama anakwenda darasa la jirani kumuuliza mwenzake. Huyu wa milimani amuulize nani?

Na ninyi nawauliza: mzee angefanya nini? Angeweza kuandika kwenye fomu yake kwamba mwalimu ana upungufu, akasaini, akaondoka zake. Angeweza kumfundisha kwa siri ofisini, heshima za wote wawili zikabaki salama. Lakini muda ulikuwa unakwisha, na wanafunzi ndio ambao wangeumia. Alimwomba binti ruhusa ya kusema ukweli. Binti akakubali. Mzee akalibeba boksi mwenyewe mpaka darasani.

"Mwalimu wenu hajawahi kushika chombo hiki," akawaambia wanafunzi. "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyemfundisha. Leo atajifunza hapa mbele yenu, na ninyi mtajifunza pamoja naye."

Mara ya kwanza binti alifungulia koki kupita kiasi, rangi ikakolea, darasa likacheka. Mara ya pili ikazidi kidogo. Mkufunzi alifunga mikono nyuma, maana ilikuwa inamwasha kwenda kumpokonya. Mara ya tatu tone la mwisho likaanguka, rangi ikageuka taratibu, ikatulia pale pale inapotakiwa. Binti akacheka huku machozi yanamtoka, akamwita yule msichana wa dawati la mbele aje ashike. Mkufunzi aliahirisha safari, akakaa nao wiki nzima.

Mfano umeishia hapo. Sasa sisi.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuwaonya wakufunzi, walimu na wazazi mlioko humu. Lakini tangu Alhamisi, nilipokaa kuyaandika nikaukumbuka msiba wetu, nimeona siwezi kuyasema. Mwezi uliopita nilipokuwa safarini, mama mmoja wa kanisa hili alifiwa na mtoto. Mlijaa nyumbani kwake, Mungu awabariki, mkapika, mkakesha naye. Wengi wenu mmenisikia nikiomba misibani miaka kumi na moja. Hakuna aliyefungua kinywa. Mama yule alilia siku mbili bila kuombewa, mkinisubiri mimi. Niliposhuka kwenye basi mkanipokea kwa unafuu mkubwa.

Niwaambie ukweli? Nilifurahi. Nilijiona mtu wa maana, na mama wa watu alikuwa amelala siku mbili na uchungu wake. Hamkushindwa ninyi. Niliwaweka mnitazame.

Mama, uko hapo safu ya tatu. Nisamehe.

Sala ya kufunga ibada siombi leo. Nashuka, nakaa hapo kwenye benchi. Atakayeomba akikwama, tutamsubiri, na tutasema amina vilevile. Tumwombee mama yetu. Nani anaanza?