Bango la Nguchiro na Miche ya Mkuyu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu. Na wewe mzee wa pale nyuma, usisinzie. Ngano hii inakuhusu kuliko hawa watoto.

Zamani sana, wanyama walipokuwa wakilima kama sisi, bonde moja lilikuwa na chemchemi. Kando ya chemchemi ulisimama mkuyu, na mkuyu ndio uliotunza maji. Ukaja moto. Mkuyu ukaungua. Maji yakaanza kupungua, leo kibuyu, kesho nusu kibuyu.

Nungunungu alikuwa ameweka mbegu za mkuyu ule shimoni mwake. Nyingine hazikuwapo bonde zima. Akazisia zote kitaluni, akatandaza mkeka juu ya vijiti ili zipate kivuli. Zikaota, majani madogo kama kucha.

Mwenzake pale kitaluni alikuwa Nguchiro. Kazi ya Nguchiro ilikuwa kupokea wageni. Alichonga vibao, akavipigilia, ko! ko! ko!, kila tuta na jina lake: mpera hapa, mkwaju pale. Mgeni hakupotea. Lakini Nguchiro hakutosheka.

"Dada Nungu, vibao hivi nani anaviona? Wanyama wanapita kule mlimani, hawajui kama tupo. Tusimamishe bango langoni!"

"Kizuri chajiuza, Nguchiro."

"Kisichoonekana kitajiuzaje? Na ukingo wote ule wa chemchemi, tutaupanda sisi wawili?"

Hapo alisema kweli. Nungunungu akachukua kibuyu chake. "Bango tengeneza. Ila mkeka ule usiguse. Jua la saa sita halimhurumii mtoto."

Akaenda kuchota maji mbali, maana ya chemchemini hayakutosha tena.

Nguchiro akatafuta kitambaa, hakupata. Akabandua gome, likapasuka. Macho yakamwendea mkeka. "Asubuhi hii tu," akajiambia. "Jua halijawa kali, nitaurudisha."

Mnacheka? Ngojeni.

Akauondoa. Akauandika kwa udongo mwekundu: MICHE YA MKUYU IPO HAPA. Akausimamisha langoni kwa miti miwili. Upepo ukaupiga, pwata! pwata! Bango lilipendeza, sikatai. Hata mimi ningesimama kulitazama.

Wakaja. Nyumbu wakaja. Pundamilia wakaja. Ngiri akaja na watoto wake. Swala akaja na mwanawe, mtoto midomo imemkauka. Nguchiro akasimama chini ya bango akawaeleza mkuyu utakavyokua, maji yatakavyorudi. Wakashangilia. Jua likapanda. Akaeleza tena. Wakashangilia tena. Jua likapanda. Akaeleza tena. Jua likafika utosini.

"Ndugu Nguchiro," Swala akasema, "maneno tumeshiba. Tuonyeshe hiyo miche."

Wakaingia. Wakainamia tuta.

Miche yote ilikuwa imelala. Imekauka. Ukiigusa, inavunjika, ka!

Nungunungu akarudi na maji yake, akaona. Alikwenda langoni, akaung'oa mkeka, akautandaza juu ya tuta, akamwagilia maji, chururu, chururu, hadi kibuyu kikaisha. Akaketi. Wote wakaketi. Jua likashuka, na hakuna mche ulioinuka. Mimi mwenyewe naumia kulisimulia hili.

"Nilitaka waje," Nguchiro akasema, analia. "Dada, nilitaka tu waje."

"Wamekuja," Nungunungu akajibu.

Swala akauliza, "Mbegu nyingine zipo, mama?"

"Hazipo."

Swala akamtazama mwanawe. "Haya, mwanangu. Twende."

Chemchemi ikakauka. Wanyama wakalihama bonde, leo hawa, kesho wale, na Nungunungu akawafuata. Nguchiro alibaki. Kila asubuhi alisimama kwa miguu miwili, shingo juu, akitazama mlimani kama kuna anayekuja. Hata leo, ukipita nyikani, utamwona amesimama vivyo hivyo, anatazama huku, anatazama kule. Hakuna anayekuja.

Funzo lake ni hili, wakubwa kwa wadogo: tangaza ulichonacho, si vibaya, lakini usikivue kivuli chake ili ukitangaze. Wageni wakifika wakakuta kimekufa, ni heri ungewaacha tu wapite.

Ngano yangu inakomea hapo. Nimewapa, sasa ni yenu.