Buku Aliyekataa Kuomba Mbegu

Ngano hii alinisimulia kwanza Bi Sekela, shangazi wa mume wangu, tulipokuwa tukipukuchua mahindi barazani kwake. Yeye akiisimulia husikika mpaka ng'ambo ya mto. Sauti yangu mimi ni ndogo, kwa hiyo sogeeni.

Naanza?

Anza.

Niweke chumvi?

Weka.

Niweke pilipili?

Weka.

Leo pilipili imezidi chumvi. Atakayekohoa asinilaumu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuvuna kama sisi, aliishi Buku. Buku mnamjua, ni yule panya mkubwa. Siku hizo mashavu yake yalikuwa madogo na mkia wake ulikuwa mweusi wote. Alikuwa na maghala saba. Alikuwa na nyumba iliyopakwa chokaa ndani na nje, nyeupe, inang'aa mpaka macho yanauma. Ndani ya nyumba ile hakuruhusu moto. Alisema, "Moshi utachafua kuta zangu." Chakula chake kilipikwa nje, mbali, kikaletwa kimepoa. Alikula ugali baridi katika nyumba nyeupe, akajiona mfalme.

Jirani yake aliitwa Nungu, mama wa watoto watatu, nungunungu mwenye miiba mirefu. Msinikatize. Najua nungunungu wa leo anachimba mihogo ya watu. Huyu wa kale alilima yake.

Nungu alikuwa na ghala moja. Alikuwa na nyumba moja, nyeusi ndani kwa masizi, na mvua haikuingia. Watoto wake walikula jioni wakasaza, asubuhi wakala kiporo. Juu ya meko yake palikuwa na dari, na darini yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Fukusi, mdudu anayetoboa nafaka, hapendi moshi. Mbegu iliyokaa juu ya moshi haidanganyi, ukiifukia huota.

Na desturi ilikuwa hii. Mbegu haiuzwi. Mbegu huombwa. Anayeitaka hatumi mtu, huja mwenyewe. Hukaa chini kando ya meko, moshi ukamwingia machoni akatoa machozi, akapukuchua kwa mikono yake kiasi anachohitaji. Akivuna, hurudisha mahindi mapya kuning'inizwa palepale. Hivyo ndivyo walivyoishi, mkubwa na mdogo.

Ikawa mwaka mmoja mvua zimekaribia. Buku akafungua maghala yake atoe mbegu. Akafungua la kwanza, akakuta fukusi. Akafungua la pili, akakuta fukusi. Akafungua yote saba. Punje zilikuwepo, nyingi, milima na milima, lakini kila moja ilikuwa na tundu, kiini kimeliwa. Chakula cha kula kilikuwepo. Cha kupanda hakikuwepo hata punje moja.

Sasa niwaulizeni, mwenye maghala saba asiye na mbegu ni tajiri wa nini?

Buku akamwita Kunguru, mpambe wake, yule mwenye kola nyeupe shingoni. Kazi ya Kunguru ilikuwa kumtangulia Buku njiani akiimba:

"Ya Buku hayahesabiki,
ya Buku hayafikiki,
maskini kaeni pembeni."

Na wanyama walikaa pembeni. Wengine walipiga makofi.

Kunguru akaenda kwa Nungu, akasimama mlangoni, hakuingia. Aliogopa masizi yasimchafulie kola.

"Hodi, wewe maskini."

Nungu alikuwa akisonga ugali. Hakugeuka. "Maskini humu hakai. Labda umekosea nyumba."

"Nimetumwa na Mheshimiwa Buku. Anataka mahindi yote ya darini. Atakupa doti ya kitambaa na gunia zima la nafaka."

"Nafaka yenye matundu?"

Kunguru akakohoa. "Nafaka ni nafaka."

"Mbegu haiuzwi, Kunguru. Mama yako hakukufundisha? Mwambie aje mwenyewe, akae hapa chini, aombe. Nitampa."

"Buku akae chini? Kwenye jivu?"

"Mimi nakaa. Wanangu wanakaa. Matako yake yana nini?"

Kunguru akaondoka akirukaruka kwa hasira, na Nungu akaendelea kusonga ugali wake kwa nguvu zaidi, mpaka mwiko ukalia.

Siku ya pili Kunguru akarudi. Hakupiga hodi.

"Mheshimiwa anasema hivi. Njia ya kwenda mtoni inapita shambani kwake. Usipotoa mbegu, njia ataifunga."

Nungu akainuka. Miiba yake ikaanza kusimama, mmoja mmoja, kutoka kiunoni mpaka kisogoni.

"Nisikilize wewe. Jana umeniita maskini. Wanangu wamelala njaa?"

"Hapana."

"Nyumba yangu inavuja?"

"Hapana."

"Nimewahi kuja kwenu kuomba hata chumvi?"

"Hapana."

"Basi maskini ni nani? Ni mimi nisiyekosa, au ni yeye anayetaka changu kwa vitisho? Nenda kamwambie njia aifunge. Wanangu wana miguu."

Buku akaifunga njia kwa miiba ya mgunga. Watoto wa Nungu wakawa wanazunguka kilima kwa maji. Wa mwisho alikuwa mdogo, alirudi na kibuyu nusu, nyayo zimechubuka. Nungu alimwosha miguu yule mtoto, akaipaka mafuta, na hakusema neno. Nami nina mtoto wa umri huo. Najua alichokuwa akikisema bila kusema.

Majirani walikuja. Mnadhani walikuja kumsaidia? Alitangulia Digidigi, miguu ikimtetemeka kama kawaida yake.

"Dada Nungu, mpe tu. Yule ni mkubwa. Mkubwa hakosi."

"Digidigi, mbegu uliyopanda mwaka jana uliitoa wapi?"

"Kwako, dada."

"Ulinilipa nini?"

"Sikukulipa. Nilikaa pale, moshi ukaniliza, nikapukuchua."

"Ulikufa?"

"Sikufa."

"Basi na yeye hatakufa. Nikimpa yote, mwaka kesho wewe utaomba wapi? Utakwenda kwenye nyumba nyeupe? Atakufungulia?"

Majirani wote wakaondoka bila kuaga, na hata nyasi alizokuja nazo Digidigi kama zawadi aliondoka nazo.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Ardhi ikalainika. Nungu akaamka mapema kwenda shambani na wanawe kutifua matuta, ili wakirudi wateremshe mbegu wapande. Moto akauacha ukifuka, kama ilivyo desturi, kwa kuwa moto wa chini ya mbegu hauzimwi.

Buku alikuwa akichungulia dirishani. Alipoona wametokomea, alitoka mwenyewe. Hakumtuma Kunguru, maana Kunguru angesimulia. Yule ambaye hakuweza kuja kuomba, miguu yake ilipata njia ya kuja kuiba.

Akaingia. Moshi ukamwingia machoni, akatoa machozi. Akapanda nguzo mpaka darini. Hakuwa na kikapu, kwa sababu vikapu vyake hubebwa na wengine, hakujua hata vinawekwa wapi. Akaanza kupukuchua kwa meno na kutia mdomoni. Hindi la kwanza, shavu la kulia likajaa. Hindi la pili, shavu la kushoto likajaa. La tatu, mashavu yakatanuka yakawa kama mifuko. Naye akaendelea. Angechukua mbegu za shamba moja zingemtosha, lakini huyu neno la kutosha hakulijua. Alipukuchua mpaka darini pakabaki magunzi matupu.

Aliposhuka, Nungu alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuwa amerudi kuchukua mbegu. Akatazama juu, akaona magunzi. Akatazama chini, akaona mashavu. Miiba yake yote ikasimama kwa mara moja, ikasikika kama majani makavu yanayotikiswa na upepo.

Jamani, Nungu angeweza kumchoma palepale. Haki ilikuwa yake. Lakini desturi ilikuwa desturi, na aliye kando ya meko akitokwa na machozi huulizwa kwanza.

"Buku, umekuja kuomba?"

Buku kimya.

Angefungua mdomo angejibu. Lakini angefungua mdomo mbegu zingemwagika.

"Buku, nakuuliza mara ya pili. Umekuja kuomba? Sema 'naomba', nitakupa nusu. Mimi na wanangu nusu inatutosha."

Buku kimya. Macho yamemtoka, mashavu yamevimba, kichwa anatikisa kidogo, haijulikani ni ndiyo au hapana.

"Tema, useme. Neno moja tu, Buku. Umekuja kuomba?"

Nusu ya mbegu zile ingemtosha maisha yake yote. Neno moja lingetosha kuipata. Lakini ili aombe ilimbidi ateme, na Buku hajawahi kutema kitu kilichokwisha kuingia. Akafumba midomo akaikaza. Akainama, akajaribu kupenya chini ya miguu ya Nungu.

Hapo Nungu akageuka. Nungunungu akikugeuzia mgongo, kwisha habari yako. Alirudi nyuma na miiba yake yote, akampiga nayo. Buku akaruka, akaangukia mekoni. Mkia ukazama katika jivu la moto. Akapiga yowe, na yowe lilifungua mdomo ambao haki ilishindwa kuufungua. Mbegu zikamwagika. Nyingi ziliingia motoni zikapasuka bisi. Chache ziliruka mlangoni, kwenye udongo uliolowa.

Buku akatoka mbio, mkia umegeuka mweupe nusu yake, mashavu yananing'inia matupu.

Nungu akapiga magoti akaokota. Watoto wakaokota. Walipomaliza, mbegu zilijaa kiganja kimoja. Watoto watatu, mwaka mzima, na kiganja kimoja cha mbegu. Hapo ndipo alipolia, na safari hii haikuwa kwa ajili ya moshi.

Yowe la Buku lilisikika kila mahali. Majirani wakaja, wakaona magunzi, wakaona bisi jivuni. Digidigi akarudi nyumbani kwake mbio. Wote wakadhani amekimbia, ndiyo tabia yake. Kumbe alikwenda kuteremsha mahindi mawili yaliyobaki juu ya meko yake mwenyewe. Akayaleta. Mwingine akaleta moja. Mwingine akaleta kibaba. Yote yalikuwa uzao wa mbegu za Nungu.

Mnadhani Nungu aliwakumbatia? Hakuwakumbatia.

"Mlikuwa wapi Kunguru alipokuwa akiimba? Mwanangu alipozunguka kilima na nyayo zinatoka damu, nani alikwenda kung'oa ile miiba? Mnaogopa nini kwa yule? Alichowahi kuwapa ni nini, zaidi ya kukaa pembeni?"

Digidigi akasema polepole, "Hakuna, dada."

Nungu akawatazama sana. Miiba ikalala, lakini si yote. "Basi kaeni. Pukuchueni. Mkimaliza, twende tukaifungue ile njia kabla hatujapanda."

Wakakaa chini, moshi ukawaliza wote, wakapukuchua. Wakaenda wote kuing'oa ile miiba. Kunguru alikuwa juu ya mti. Hakuimba. Siku zile zile akatafuta mkubwa mwingine wa kumtangulia, na kola yake anayo mpaka leo.

Na Buku? Shamba lake halikuota kitu. Alikula punje za ghala la kwanza, akala za la pili, akala zote, akabaki na kuta nyeupe. Kuta haziliwi. Akachimba shimo akaingia. Mpaka leo mkia wake una weupe wa jivu, mashavu yake yametanuka, na kila anachookota anajaza humo na kukipeleka shimoni. Ukilichimba shimo lake utakuta punje, misumari, vifungo vya shati, vipande vya sabuni. Ukimuuliza ni vya nini, hatakujibu. Mdomo umejaa.

Hapo ndipo ilipoishia. Nilipewa ikiwa moto, nimewapa ikiwa moto, atakayeiacha ipoe ni shauri yake.

Bi Sekela akimaliza husema hivi. Tajiri ni mwenye vingi. Anayeishi vizuri ni mwenye vya kumtosha, na mdomo wake uko wazi: wa kula, wa kuomba, na wa kukataa. Usikubali mtu aliyefumba mdomo kwa shibe akuite maskini. Na kama humu ndani kuna mwenye mashavu yaliyovimba, ateme kwanza ndipo aseme ngano hii haikuwa tamu.

Mimi mwaka niliosimuliwa ngano hii nilikuwa sina mbegu za maharage. Zetu zilioza, nami niliona haya kumwambia mtu. Asubuhi yake nikambeba mwanangu mgongoni, nikaenda kwa jirani yangu mama Ipyana, nikapiga hodi. Alinielekeza kwenye kiti. Nikakaa chini, kando ya meko, nikasema, "Naomba."